Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Onyo la Tetemeko la Ardhi na Nyumba Nafuu Isiyoua Watu Wake

Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine. Mwenye haraka ya kujenga aanzie swali la 7.

## Tetemeko na onyo lake

1. Je, tetemeko linaweza kutabiriwa?

Hapana. Hakuna njia iliyothibitishwa ya kutaja siku, mahali na ukubwa wa tetemeko kabla halijaanza. Mfano unaotajwa sana ni Haicheng, China: tarehe 4 Februari 1975 watu walitolewa majumbani kabla ya tetemeko kubwa, na dalili kuu ilikuwa mfululizo wa mitetemo midogo iliyolitangulia. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Julai 1976, mji wa Tangshan katika nchi hiyohiyo ulipigwa bila dalili yoyote iliyoeleweka kwa wakati, na watu zaidi ya 240,000 walikufa. Mitetemo midogo hutokea kila mara, na mara nyingi haifuatwi na kitu kikubwa.

Mbwa wanaolia, maji ya kisima yanayobadilika rangi, mawingu ya ajabu: mambo haya hukumbukwa baada ya tetemeko, na zile siku nyingi yalipotokea pasipo tetemeko hakuna anayezihesabu. Kinachowezekana ni kukadiria uwezekano wa eneo kupigwa katika miaka 30 au 50 ijayo. Makadirio hayo humfaa mjenzi. Anayetaka kujua kama alale ndani usiku wa leo hayamsaidii.

2. Ukubwa wa tetemeko na ukali wake ni kitu kimoja?

La. Ukubwa hupima tetemeko lenyewe lilipozaliwa, na tetemeko moja lina ukubwa mmoja. Ukiongezeka kwa 1, nishati huongezeka takribani mara 32. Ukiongezeka kwa 2, ni kama mara 1,000. Ukali hupima mtikisiko wa mahali ulipo, na hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa kulingana na umbali, kina na aina ya udongo. Huandikwa kwa namba za Kirumi, I hadi XII.

Christchurch, New Zealand, inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Septemba 2010 tetemeko la 7.1 lilitokea nje ya mji na halikuua mtu moja kwa moja. Februari 2011 likaja dogo zaidi, la 6.2, lakini karibu kabisa na mji na kwa kina kifupi. Watu 185 walikufa. Kwa hiyo anayeuliza "nyumba hii inahimili tetemeko la ukubwa gani?" hajakamilisha swali, lazima aseme pia liko umbali gani na nyumba imekaa juu ya udongo gani.

3. Kama halitabiriki, onyo linatoka wapi?

Onyo hutolewa tetemeko likiwa limeshaanza, ila mtikisiko mkali haujakufikia. Mwamba unapopasuka hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya kwanza, yanayoitwa P, husukuma na kuvuta; hukimbia kama kilomita 6 kwa sekunde na kwa kawaida hayaharibu sana. Ya pili, yanayoitwa S, hutikisa kwa ubavu kwa kasi ya kama kilomita 3.5 kwa sekunde, na ndiyo yanayobomoa. Vipimo vilivyofukiwa karibu na kitovu hunasa P, kompyuta hukadiria mahali na ukubwa, kisha ujumbe hurushwa kwa redio au intaneti, ambazo mawimbi ya ardhini hayawezi kuzifikia kwa kasi.

Mfumo una sehemu tano: vipimo, mawasiliano, hesabu, kifaa cha kumfikishia mtu onyo, na mtu anayejua la kufanya. Miradi mingi hutumia fedha kwenye tatu za kwanza, kisha hushindwa kwenye mbili za mwisho. King'ora ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kwenye mazoezi huwafanya watu wasimame wakitazamana.

4. Nitapata sekunde ngapi?

Chukua umbali wako kutoka tetemeko lilipoanzia, gawa kwa 3.5, kisha toa sekunde 5 hadi 10 za kunasa, kuhesabu na kutuma. Ukiwa kilomita 100, mawimbi S hukufikia baada ya sekunde 28 hivi, kwa hiyo unabaki na takribani 20. Ukiwa kilomita 30, hukufikia kwa sekunde 8 au 9, na onyo linakukuta ukiwa tayari unatikisika. Eneo hili la karibu ndilo linalotikisika zaidi, nalo halipati onyo lolote.

Jiji la Mexico limeshuhudia hali zote mbili. Septemba 2017 tetemeko la 8.2 lilitokea mbali, pwani ya kusini, na jiji likapata zaidi ya dakika moja. Siku chache baadaye, tarehe 19 Septemba, tetemeko la 7.1 lilianzia kilomita 120 hivi kutoka jijini, na ving'ora vikalia karibu sawia na mtikisiko. Mfumo ule haukuharibika. Umbali ndio uliokuwa mfupi.

Hii ndiyo sababu ukurasa huu unatumia nafasi kubwa zaidi kwenye kuta na nondo kuliko kwenye ving'ora.

5. Simu yangu inaweza kunionya?

Kwenye nchi zenye mtandao wa taifa wa vipimo, ujumbe hutumwa kwa simu zote za eneo husika. Japani ilianza kutangaza maonyo kwa umma nchi nzima Oktoba 2007. Simu za Android zina mfumo wao ulioanza mwaka 2020: simu iliyotulia, hasa iliyo kwenye chaji, hutumia kipimo chake cha mwendo kunasa mtikisiko, na simu nyingi zikiripoti pamoja kutoka eneo moja, onyo hutumwa kwa walio mbali kidogo. Hutoa ujumbe kwa matetemeko yanayokadiriwa kuwa na ukubwa wa 4.5 na zaidi, kwa ngazi mbili: ya kukutaarifu tu, na ya kukuambia ujikinge sasa hivi, ambayo hupiga kelele hata simu ikiwa kimya.

Ili ifanye kazi, washa data au Wi-Fi, washa huduma ya mahali, kisha kwenye mipangilio tafuta sehemu ya usalama na dharura uhakikishe maonyo ya tetemeko hayajazimwa. Programu nyingine nyingi zinazojitangaza kuwa za onyo hutoa taarifa baada ya tetemeko kupita. Zinafaa kwa habari, si kwa kujikinga.

6. Onyo likilia, nifanye nini? Na likiwa la uongo?

Shuka chini upige magoti, ingia chini ya meza imara, shika mguu wa meza na ufunike kichwa na shingo. Hakuna meza? Jikunyate kando ya ukuta wa ndani, mbali na vioo na makabati marefu. Usikimbilie ngazi. Kusimama kwenye fremu ya mlango ni ushauri wa zamani. Fremu za nyumba nyingi hazina nguvu kuliko ukuta ulio kando yake. Kama jiko la gesi liko karibu na mkono wako, lizime. Kama liko chumba kingine, liache.

Kuna hali moja inayobadilisha ushauri huu. Kama nyumba ni ya udongo au mawe yasiyofungwa, paa lake ni zito, uko ghorofa ya chini na mlango wa kutokea uwanjani uko hatua chache kutoka ulipo, toka. Meza haitazuia ukuta wa mawe wa nusu mita. Amua leo ukiwa umetulia nyumba yako ni ya aina gani, kwa sababu ndani ya sekunde nane hakuna anayefikiri vizuri.

Maonyo ya uongo yapo. Tarehe 5 Januari 2018 mfumo wa Japani ulidhani matetemeko mawili madogo ya sehemu tofauti ni moja kubwa, ukatoa onyo. Kosa la upande wa pili lipo pia: Machi 2011, wakati mpasuko wa tetemeko kubwa la kaskazini-mashariki mwa Japani ulikuwa bado unaendelea kukua, makadirio ya mwanzo yalikuwa madogo kuliko uhalisia. Jikinge kila linapolia. Hasara ya kuchuchumaa bure ni ndogo.

Aliye pwani aongeze jambo moja: mtikisiko mkali, au unaodumu zaidi ya sekunde 20, wenyewe ni onyo la tsunami. Ukikoma tu, panda mlimani bila kungoja king'ora.

## Kwa nini nyumba huanguka

7. Kitu gani hasa kinaiangusha nyumba?

Uzito wake wenyewe. Ardhi inaposogea kwa ghafla, msingi huenda nayo, lakini paa na kuta hubaki nyuma kwa sababu ya uzito. Nguvu hiyo ya ubavu ni sawa na uzito mara kasi ya mabadiliko ya mwendo, kwa hiyo ukipunguza uzito wa juu kwa nusu umepunguza nguvu kwa nusu, bure kabisa. Bati lina kilo 5 hivi kwa mita ya mraba. Vigae vya udongo kilo 40 hadi 60. Slabu ya zege ya sentimita 12 karibu kilo 290. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Kwa bati ni kama kilo 240 juu ya vichwa vya watu, kwa slabu ni karibu tani 14. Bam, Iran, mwaka 2003, makumi ya maelfu walikufa ndani ya nyumba za udongo zenye mapaa mazito kwa tetemeko la 6.6.

Sababu ya pili ni kuachiana. Ukuta unaosukumwa kwa urefu wake ni mgumu sana. Ukisukumwa kwa ubavu huanguka kama ubao uliosimamishwa. Kila tetemeko husukuma pande zote mbili, kwa hiyo ukuta unaosukumwa ubavuni lazima ushikwe na ule uliokaa kwa urefu. Kuta hizo zikiachana kwenye kona, kila mmoja unaanguka peke yake na paa linafuata.

8. Nikijenga ukuta mnene zaidi, si utakuwa imara zaidi?

Kwa mzigo wa kushuka chini, ndiyo. Kwa tetemeko, unene bila kufunga ni uzito wa ziada tu. Mwenye fedha za kuongeza unene wa ukuta kutoka sentimita 15 hadi 23 azipeleke kwenye nguzo na mikanda ya swali la 10. Tumeona ramani nyingi ambapo saruji imemwagwa kwenye msingi wa kutisha, halafu kona za juu hazina hata nondo moja.

9. Umbo la nyumba lina umuhimu gani?

Mkubwa, na halina gharama. Mraba au mstatili ambao urefu hauzidi mara tatu ya upana hutulia. Umbo la L hujikunja kwenye kona ya ndani. Ligawanye kuwa mistatili miwili yenye mwanya wa sentimita kadhaa katikati, kuanzia juu ya msingi hadi paa, na kila upande uwe na ukuta wake.

Kosa baya kuliko yote ni ghorofa ya chini iliyo wazi: maduka au maegesho chini kwenye nguzo nyembamba, vyumba vyenye kuta nyingi juu. Juu pagumu, chini palegevu, mtikisiko wote humalizikia kwenye nguzo za chini na jengo hukaa chini. Kosa jingine ni nguzo iliyojengewa ukuta nusu kimo na dirisha refu juu yake; kipande kifupi kilichobaki hakina nafasi ya kupinda, kwa hiyo hukatika. Madarasa ya shule hujengwa hivi mara nyingi.

## Kujenga kwa gharama nafuu

10. Njia gani ya ujenzi ni nafuu na salama kwa tofali na saruji?

Ukuta uliofungwa kwa zege. Tofali hujengwa kwanza, kisha nguzo ndogo humwagwa katikati ya vipande vya ukuta, kisha mkanda wa juu, yaani zege lenye nondo linalozunguka juu ya kuta. Zege hushika meno ya tofali, na ukuta na nguzo vinakuwa kitu kimoja. Chile ilianza kuitumia baada ya tetemeko la Talca la 1928, na tetemeko la 1939 likaonyesha thamani yake. Mwaka 2010 nchi hiyo ilipigwa na tetemeko la 8.8 na waliokufa walikuwa takribani 525. Mwaka huohuo Haiti, kwa tetemeko la 7.0, walikufa zaidi ya 100,000.

Watu wengi hugeuza utaratibu: wanasimamisha nguzo na bimu kwanza, kisha wanajaza tofali. Kwa macho nyumba mbili hizi zinafanana, lakini ile ya pili ni fremu ya zege, na fremu inahitaji nguzo nene, nondo nyingi na hesabu za mhandisi. Ukuta uliojazwa baadaye haushikani na nguzo. Hutikisika ndani ya fremu kama jino bovu.

Vipimo vya nyumba ya chini, isiyo na ghorofa:

- Nguzo kila kona, kila makutano ya kuta, kandokando ya milango na madirisha makubwa, na pasipite mita 4 bila nguzo.
- Nguzo sentimita 15 kwa 15, au upana wa ukuta. Nondo 4 za milimita 10. Ringi (vyuma vyembamba vinavyozungushwa kwenye nondo) za milimita 6 kila sentimita 20, zikikaribiana hadi sentimita 10 kwenye nusu mita ya chini na nusu mita ya juu.
- Mkanda wa chini juu ya msingi na mkanda wa juu chini ya paa, vyote kwa nondo 4 za milimita 10. Mkanda wa lenta, juu ya milango na madirisha, unaozunguka nyumba nzima bila kukatika, unene angalau sentimita 7.5, nondo 2 za milimita 10 na viunganishi vya milimita 6 kila sentimita 15.
- Tofali za kandokando ya nguzo ziachwe na meno ya sentimita 5 hivi, zisikatwe wima.
- Ukuta usipandishwe zaidi ya mita 1.2 kwa siku.

11. Vifaa hivyo ni vingi kiasi gani?

Chukua nyumba ya mita 8 kwa 6 yenye ukuta mmoja wa ndani wa mita 6. Jumla ya kuta ni mita 34. Mikanda miwili ya nondo nne ni mita 272 za nondo; lenta ni mita 68; nguzo 10 za mita 3.5 ni mita 140. Jumla ni mita 480. Ongeza asilimia 10 za maungio na mabaki: mita 528, sawa na nondo 44 za mita 12, au kilo 326 hivi. Ringi na viunganishi vyote ni kilo 80 hadi 85 za chuma cha milimita 6. Zege ni kama mita za ujazo 2.7, sawa na mifuko 20 hivi ya saruji ya kilo 50. Kuta za kawaida, msingi na paa havimo kwenye hesabu hii, kwa sababu ungevinunua hata hivyo.

12. Kuta ngapi zinatosha?

Pima upande mmoja kwa mmoja. Kwa nyumba ya chini kwenye udongo mgumu, anza na eneo la kuta, ukizitazama kutoka juu, lisilopungua asilimia 2 ya eneo la sakafu kwa kila mwelekeo. Nyumba yetu ya mita za mraba 48 inahitaji mita za mraba 0.96, kwa ukuta wa sentimita 15 ni mita 6.4 za ukuta mzima. Hesabu vipande visivyo na dirisha wala mlango na vyenye nguzo pande zote mbili. Kipande chembamba ambacho kimo chake kinazidi mara moja na nusu ya urefu wake usikihesabu.

Mwelekeo unaofeli ni karibu kila mara ule wa mbele, penye mlango, madirisha na baraza. Ziba dirisha moja kwenye ramani kabla ya kumwaga msingi. Kwa ghorofa mbili, udongo laini au eneo la hatari kubwa, kiwango hupanda na mhandisi ahusike.

13. Ringi zinakunjwaje?

Ncha zote mbili zikunjwe nyuzi 135, yaani ziingie ndani kuelekea kiini cha nguzo, na ziwe na mkia wa sentimita 7.5. Mafundi wengi hukunja nyuzi 90 kwa kuwa ni rahisi. Ganda la nje la zege linapobanduka katika sekunde za kwanza, ringi ya nyuzi 90 hufunguka, nondo hutoka nje kwa kupinda, na nguzo imekwisha. Ya nyuzi 135 hubaki imeshikwa na zege la ndani. Tofauti ya chuma ni sentimita chache. Badilisha pia upande wa ncha: ringi moja ifungie kona hii, inayofuata kona nyingine.

14. Nondo za mkanda zinaunganishwaje kwenye kona?

Hapa ndipo nyumba nyingi zenye nondo za kutosha hufeli. Nondo ya mkanda isiishie kwenye kona. Ikunje, iendelee kwenye ukuta wa pili kwa angalau sentimita 50, ifungwe na nondo za huko. Nondo ya upande wa ndani nayo ivuke hadi uso wa nje wa ukuta wa pili kabla ya kukunjwa. Kiungo cha nondo ya milimita 10 popote ni sentimita 50, cha milimita 12 ni sentimita 60, na viungo visikutane mahali pamoja wala kwenye makutano ya nguzo na mkanda.

15. Zege lichanganywe vipi?

Saruji 1, mchanga 2, kokoto 3 kwa ndoo zilezile, na maji yasiyozidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50 kama mchanga ni mkavu. Mchanga ukiwa umelowa, punguza. Maji yakifika lita 30 umepoteza karibu moja ya tano ya nguvu, na hilo hutokea kila siku kwa sababu zege la majimaji hushuka lenyewe kwenye nguzo. Dawa ni kulichoma kwa nondo tabaka kwa tabaka na kugonga mbao za kufungia. Mchanga wa baharini usiooshwa una chumvi inayokula nondo. Zege lililokaa zaidi ya saa moja na nusu halifufuki kwa kuongezwa maji.

Acha sentimita 2.5 kati ya ringi na uso wa nje. Vipande vidogo vya zege vilivyofungwa kwenye nondo vinafaa kuliko mawe. Lowesha siku 7 mfululizo.

16. Nitajuaje tofali ni nzuri?

Dondosha tano kutoka kimo cha kifua kwenye ardhi ngumu. Ikivunjika zaidi ya moja, rudisha mzigo. Gonganisha mbili za kuchoma: zitoe mlio wa chuma, si wa kibuyu. Tofali za saruji ziwe zimemwagiliwa siku 7 na kupumzika. Zilizofyatuliwa jana na kupakiwa leo ni mchanga uliopangwa vizuri.

17. Sina uwezo wa saruji nyingi. Udongo au mawe yanawezekana?

Yanawezekana kwa nyumba ya chini tu, na kwa masharti. Ukuta wa tofali mbichi usizidi kimo cha mara 8 ya unene wake, wala urefu wa mara 10 ya unene bila kushikwa na ukuta unaokatiza au nguzo ya kuuegemeza. Dirisha au mlango usizidi upana wa mita 1.2, na matundu yote pamoja yasizidi theluthi ya urefu wa ukuta. Juu kabisa lazima pawe na mkanda, hata wa mbao mbili zilizounganishwa kama ngazi. Kisha uvike ukuta pande zote mbili wavu wa plastiki ngumu au kamba za nailoni za milimita 6, zilizofungwa kupenya ukuta, na upige lipu juu yake. Mbinu hizi zimejaribiwa kwenye meza za kutikisa huko Peru: ukuta hupasuka, lakini vipande hubaki vimening'inia badala ya kuwaangukia watu.

Kwa mawe, adui ni ukuta wa tabaka mbili wenye kifusi katikati. Weka jiwe refu linalovuka unene wote kila sentimita 60 kwenda juu na kila mita 1.2 kwenda pembeni, na mikanda kama ya swali la 10.

## Nyumba iliyopo tayari na hali zisizo za kawaida

18. Nyumba yangu ilishajengwa. Nianze wapi?

Kwa mpangilio huu, kwa kuwa kila hatua ina faida hata ukikosa fedha za inayofuata. Kwanza, ondoa vinavyoangukia watu: funga makabati ukutani, shusha vitu vizito, bomoa ukuta wa pembetatu wa tofali chini ya paa na uweke mbao au bati. Pili, funga kenchi kwenye kuta kwa vipande vya chuma. Tatu, ziba matundu ya ziada karibu na kona. Nne, vika kona na makutano wavu wa waya uliochomelewa, ndani na nje, uliounganishwa kwa waya unaopenya ukuta, kisha lipu ya saruji. Wavu wa upande mmoja uliopigiliwa misumari tu hubanduka wote kwa pamoja.

Ghorofa ya chini iliyo wazi haitibiki kwa wavu. Inahitaji kuta mpya kuanzia msingi, na hesabu.

19. Nataka kuongeza ghorofa. Nondo niliziacha nje tangu mwanzo.

Nondo zilizotokeza hazithibitishi kwamba chini yake pana nguvu. Ghorofa ya pili huongeza uzito na pia kuupandisha juu, kwa hiyo kuta za chini zinahitaji eneo kubwa kuliko la swali la 12. Na nondo zilizonyeshewa miaka kadhaa zikabanduka magamba zimepoteza unene hapohapo zinapohitajika zaidi.

20. Kiwanja changu kina udongo laini au maji ya karibu.

Udongo laini wenye tabaka nene hukuza mtikisiko, na huchagua majengo: huumiza zaidi yale ambayo mzunguko wake, yaani muda wa kwenda na kurudi mara moja, unakaribiana na wa udongo. Jengo hutikisika kwa mzunguko wa kama sekunde 0.1 kwa kila ghorofa. Sehemu za Jiji la Mexico zilizo juu ya ziwa la kale hutikisika kwa mzunguko wa sekunde 2 hivi, ndiyo maana mwaka 1985 majengo ya ghorofa 6 hadi 15 yaliumia kuliko nyumba fupi za jirani.

Mchanga legevu uliojaa maji ni tatizo tofauti: ukitikiswa hugeuka uji na nyumba hudidimia au kuinama. Chimba shimo la mita 2 au 3 wakati wa mvua. Ukikuta mchanga safi na maji, hama kama unaweza. Kama huwezi, jenga nyumba nyepesi ya chini juu ya msingi uliounganishwa wote kwa mikanda, ili ikizama izame ikiwa nzima. Kwenye mteremko, usiweke nusu ya nyumba juu ya ardhi iliyochongwa na nusu juu ya kifusi.

21. Tanki la maji juu ya paa?

Lita 1,000 ni tani moja, mahali pabaya kuliko pote. Lijengee mnara wake kando ya nyumba, lifungwe, na bomba liwe na kipande kinachopinda.

22. Tetemeko limepita. Naweza kurudi ndani?

Usiingie ukiona lolote kati ya haya: nyumba imeinama, nyufa za umbo la X kwenye kuta zinazobeba, ufa wima kwenye kona unaoonyesha kuta zimeachana, nguzo iliyomomonyoka hadi nondo zinaonekana zimepinda, harufu ya gesi. Nyufa nyembamba za lipu, zisizoonekana upande wa pili wa ukuta, kwa kawaida si hatari. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha za kila ufa, uone kama unakua.

Mitetemo ya baadaye hupungua haraka. Idadi yake siku ya kumi huwa kama moja ya kumi ya ile ya siku ya kwanza, lakini mmoja wao unaweza kuwa mkubwa, na mara chache huzidi hata tetemeko la kwanza.

23. Nyumba yangu ilinusurika tetemeko kubwa. Si ushahidi kwamba ni imara?

Ni ushahidi kwamba ilihimili mtikisiko ule, wa upande ule, kwa muda ule. Christchurch, jengo moja la ghorofa sita lilikaguliwa baada ya tetemeko la Septemba 2010 na kupewa kibandiko cha kijani. Februari 2011 liliporomoka na watu 115 wakafa ndani yake. Mwenye nyumba iliyonusurika afungue kipande kimoja cha lipu kwenye kona ya juu aone kama mkanda una nondo zinazozunguka kona, na kingine chini ya nguzo aone ringi zimekunjwa nyuzi ngapi. Ni kazi ya nyundo, patasi na nusu siku.